Gengi la Sebuleni

Turkana hakuna reli. Iliyo karibu nasi iko Kitale, karibu kilomita 300 kusini mwa Lodwar, ilikofika mwaka 1926 na kukomea hapo. Kwenye ramani tunayo moja: Machi 2012 Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, na kati ya mistari iliyochorwa kulikuwa na wa reli itokayo Lamu, ipite Isiolo, ikate Turkana mpaka Nakodok kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Watoto waliozaliwa mwaka ule wameshavuka shule ya msingi, na treni bado wanaijua kwa picha ya kitabuni.

Nyumbani kwetu aliyeijua kwa mikono yake ni mmoja tu, baba mkwe wangu. Aliondoka Turkana akiwa kijana, akapanda lori hadi Kitale, akaandikwa kazi ya gengi upande wa Nakuru enzi za Reli ya Afrika Mashariki, na akaendelea hata baada ya shirika hilo la nchi tatu kuvunjika mwaka 1977. Gengi ni wale wanaume waliokaa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kandokando ya njia, kila kundi na kipande chake na nyapara wake. Asubuhi walitembea kipande chote wakiwa na nyundo na spana begani, wakakaza bolti, wakarudisha kokoto zilizomomonyoka, wakagonga mataruma kusikia lipi limelegea. Vitabu vya shule vinatufundisha kwamba reli ilianza Mombasa 1896, simba wakala watu Tsavo 1898, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kuhusu waliohakikisha treni ya kesho haianguki, havina hata ukurasa. Nimeishi na mmoja wao miaka mingi, nikampikia na kumfulia, na hata mimi nilikuwa nimemsikiliza kidogo tu mpaka sebule yetu ilipopata reli.

Mzee alivunjika nyonga. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni kwa sababu ndicho chumba chenye pangaboi, na mtu wa umri wake hawezi kulala mchana wa Lodwar chini ya mabati bila upepo. Akawa anatazama dari tangu asubuhi mpaka jioni. Hakulalamika. Hakuzungumza pia, na hilo ndilo lililotutia hofu, maana Mzee ni msemaji.

Mume wangu ni dereva wa lori la bidhaa, na njia yake ni Lodwar na Kakuma. Kakuma kuna kambi ya wakimbizi tangu 1992, na kila mara kuna mfanyakazi mgeni anayemaliza mkataba na kuuza alivyo navyo kabla hajapanda ndege. Watu hununua friji, magodoro, sufuria. Yeye alirudi na maboksi matatu ya treni ya kuchezea: kichwa kizito kama mtoto mchanga, mabehewa manne, na vipande vya reli vya shaba ya njano vilivyofungwa kwa gazeti la Kijerumani. Aliviweka kitandani miguuni pa baba yake. Mzee akachukua kipande kimoja, akapima nafasi kati ya reli mbili kwa vidole, akaguna.

“Hii ni geji yetu,” akasema.

Nilidhani ni maneno ya mgonjwa. Baadaye nikapiga hesabu na nikamwona yu sawa. Treni za aina hiyo hupita kwenye njia ya milimita 45 na hutengenezwa mara 22.5 kwa udogo. Zidisha, unapata mita moja na kidogo. Mita moja ndiyo geji ya reli ya zamani ya Kenya. Njia mpya ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ni pana zaidi, milimita 1435. Wajerumani walitengeneza kifaa chao wakifikiria treni nyembamba za milimani kwao, na Mzee alikitambua kwa vidole akiwa amelala chali Lodwar.

Suala la wapi iwekwe halikuchukua muda. Sakafuni kuna mchanga usioisha, watoto wanaotambaa, nge, na mbuzi wa jirani ambaye mlango wetu anauhesabu kuwa wake. Meza ni moja na ina kazi zake. Alipokuwa akitazama Mzee ni juu, basi reli iende juu: rafu ya kuzunguka chumba chote, juu ya milango na madirisha, sentimita 40 chini ya dari. Niliuliza swali moja tu, nani atakuwa chini yake. Mume wangu akasema, “Mama watoto, haitaanguka.”

Fundi aliyemwamini yuko Kakuma One, sehemu ya kambi, seremala kutoka Kalemie, Kongo. Mbao zikapelekwa kwake kwa lori, za msonobari kutoka Kitale, kwa kuwa mti ulio tele huku ni mathenge, na mathenge haujawahi kukupa ubao ulionyooka wa urefu wa mkono. Tatizo likawa kwamba mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali cha safari, na kibali kina utaratibu wake na muda wake. Fundi akaanza kazi ya chumba asichokiona. Tulimtumia vipimo kwa simu: mita tano kwa nne. Akachonga, akapiga randa, mbao zikafika juu ya gari la probox zimefungwa kwa mipira, nzuri za kumfanya mtu azipapase. Tulipozipandisha, kona moja ikabaki na mwanya wa kuingiza ngumi na ukuta wa pili ukagoma kabisa kupokea ubao wake.

Nikampigia fundi mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa upole. “Mama, nyumba ya watu haiko mraba. Hata ya mfalme. Ntumie kamba.”

Alitueleza namna. Nyuzi za katani zikanyooshwa ukuta kwa ukuta na kufungwa fundo kila mwisho, kila moja na kitambaa cha rangi yake. Kwa kona tulikata maboksi ya biskuti, tukayasukuma ndani mpaka yakakaa bila mwanya, tukaandika “jikoni”, “mlangoni”, “kwa Babu”, “dirishani”. Binti yangu wa kwanza ndiye aliyesimama juu ya ngazi na kukata. Mzigo huo wa kamba na makaratasi ukapanda probox kwenda Kakuma, na vilivyorudi vikaingia kila kimoja mahali pake kwa kugongwa kidogo na kiganja. Kona zilihitaji vibao vya pembetatu pia, kwa sababu reli haigeuki ghafla. Mkunjo wetu una nusu-kipenyo cha sentimita 60, na vipande vitatu vya kupinda ndivyo vinavyoitoa ukuta mmoja kuipeleka ukuta mwingine.

Kuta zenyewe zilitupa kazi. Plasta ya hapa nyingi ni ya mchanga wa laga, yaani mto mkavu, na skrubu ikiingia hutoka na kipande cha ukuta. Fundi wa kuchomelea pale karibu na stendi akatutengenezea mabano ya chuma, na bolti zikapita tofali mpaka nje, zikafungwa kwa nati upande wa pili. Nyumba yetu sasa ukiitazama kutoka barabarani ina msururu wa nati chini ya paa. Majirani wameuliza sana.

Umeme ulikuwa wa betri ya sola, volti 12, ile ile ya taa, simu na televisheni. Treni hii huweza kula zaidi, lakini kwa volti 12 inakwenda polepole, na polepole ndiko tulikotaka. Siku ya kwanza iliwashwa asubuhi, jua likiwa bado upande wa ziwa. Ikatoka juu ya mlango, ikapita dirisha, ikazunguka kona ya jikoni, ikapita juu ya kitanda. Mzee akaifuata kwa macho. Ilipozunguka mara ya tatu au ya nne alianza kuongea na hakunyamaza mpaka chakula cha mchana: kituo kipi kilikuwa na maji baridi, nyapara gani alikuwa mkali, mvua ipi ilibeba tuta zima usiku mmoja. Mama mkwe wangu, anayemjua kuliko sisi, aliacha kusuka ukindu akakaa kumsikiliza.

Alasiri watoto wakarudi kutoka shuleni, wakataka kuona. Mume wangu akawasha.

Mabati ya Lodwar saa tisa alasiri ni moto, na hewa iliyobanwa chini ya dari hupita joto la nje. Kila mita ya shaba ya njano hurefuka kwa karibu milimita 0.4 joto likipanda kwa nyuzi 20. Unaweza kuona ni kitu kidogo. Njia yetu ina mita 16 kuzunguka chumba, kwa hiyo ilikuwa inatafuta milimita sita za ziada, na vipande vilikuwa vimebanwa kichwa kwa kichwa, pande zote nne zimefungwa na kona. Shaba isipopata pa kwenda mbele huenda juu au pembeni. Kwenye kona ya kwa Babu reli moja ilikuwa imeinuka kama unene wa sarafu. Kichwa kilifika pale, gurudumu la mbele likapanda, na kikashuka kutoka urefu wa zaidi ya mita mbili, kikivuta behewa moja nyuma yake, mpaka kitandani mwa mgonjwa.

Kilitua kwenye godoro, kiganja kimoja kutoka mguu wake mbaya.

Nilipiga kelele. Nilikwenda moja kwa moja kwenye betri nikang’oa waya kwa mkono, na maneno niliyomwambia mume wangu mbele ya wazazi wake sitayarudia, ila sikuyaondoa na siyaondoi. Mtoto wetu mdogo alikuwa amekaa pale pale dakika chache nyuma akinywa uji. Chuma cha kilo mbili hakichezi.

Mzee alikuwa ameinua kile kichwa, amekigeuza, anakagua magurudumu kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Kisha akatazama kona.

“Reli haijaachiwa nafasi,” akasema. “Nani nyapara hapa?”

Hakuna aliyejibu.

“Basi mimi.”

Tangu hapo sebule ikawa na gengi. Watoto wangu na wa jirani ndio vibarua, ngazi ni gari lao, na Mzee anaelekeza kwa fimbo akiwa kitandani. Jambo la kwanza alilowafundisha ni lile ambalo kila mtu wa gengi hulijua: kati ya reli na reli lazima kuwe na mwanya, na mwanya huo hupimwa kulingana na joto la wakati unapofunga. Ukifunga asubuhi kukiwa na baridi, acha mwanya mpana. Ukifunga mchana, mwembamba, kwa kuwa chuma kimeshajinyoosha. Aliwaambia kwamba njia ya kweli nayo huvimba jua likiwaka, na kwamba alasiri ndiyo saa ambayo gengi haliketi. Walikata vipande vya kadi ya simu kama kipimo, wakaviingiza kwenye kila kiungo, wakafunga, wakavitoa.

Jambo la pili lilikuwa langu. Nilisema treni haitembei tena katika nyumba hii mpaka iwe na ukingo. Mume wangu akafikiria waya wa kuku. Mama mkwe akasema waya utakata watoto mikono, akachukua majani ya mkoma aliyokuwa nayo ya vikapu na kuanza kusuka ukili, mkanda wa upana wa vidole vinne, mrefu wa kuzunguka chumba kizima. Ulipigiliwa kwenye vijiti vya fito vilivyosimamishwa ukingoni mwa rafu na kukazwa mpaka ukiupiga unalia. Behewa limeshawahi kuacha njia tena, sitaficha, na ukili ukalishika likakaa pale limeegemea mpaka mtu akapanda kulichukua. Sijaona kazi ya mkono iliyonipa amani kama ile.

Kelele nazo. Rafu ya mbao chini ya mabati ni ngoma, na treni juu yake ilifanya tusisikilizane. Dawa ilikuwa chubu kuukuu za baiskeli, zilizochanwa vipande na kulazwa chini ya reli. Halafu ukuta wa mbali ukaanza kuidhoofisha treni. Ikifika dirishani inajikokota. Fundi wa redio aliyekuja kutazama alieleza kwamba umeme hupungua kila unapovuka kiungo, na kwa kuwa tuliacha mianya makusudi, viungo vyetu vilipitisha kwa shida. Akazungusha waya mnene nyuma ya rafu yote, akaulehemu kwenye reli kila ukuta, na treni ikapata nguvu ile ile kila upande. Kilichoizuia shaba kuinuka ndicho kilichokuwa kinaizuia kubeba umeme. Ilibidi kila kazi ipewe njia yake.

Vumbi halina dawa, lina zamu tu. Upepo wa Turkana unajulikana na wataalamu wa hali ya hewa, mkondo unaopenya kwa kasi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, na huku chini sisi tunaujua kwa kile unachokiacha juu ya kila kitu. Reli ikipata vumbi magurudumu hayagusi shaba, na kichwa husimama katikati ya safari. Kila asubuhi kabla ya shule mmoja wa watoto hupitisha kitambaa chenye spiriti, amekifunga kwenye mti wa ufagio. Mzee huita majina ya zamu. Mijusi kafiri nao walihamia, kwa sababu wadudu hufuata taa na rafu iko jirani ya taa. Wakati mwingine mmoja analala katikati ya mataruma na inabidi asukumwe kwa fimbo kabla treni haijaondoka. Mtoto wa kati ana kazi hiyo, na amejipa cheo ambacho sitaki kumnyang’anya.

Na betri ni moja. Jua kali, yaani umeme mwingi, ni saa zile zile ambazo reli imevimba. Saa nzuri ya reli ni asubuhi na usiku, betri inapohesabiwa. Tulikubaliana: asubuhi kidogo, na usiku baada ya taarifa ya habari, taa nyingine zikiwa zimezimwa. Alasiri, hapana, hata akija mgeni.

Fundi alipopata kibali akaja kuona chumba alichokijenga bila kukiona. Alisimama mlangoni kwanza akitazama juu, akazunguka na kona zote nne akizigusa, akamsalimu Mzee kwa kumwita papa, na wawili hao wakaanza. Kalemie ni mji wa reli. Njia ya kutoka Kabalo ilifika pale kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915, mji uliowahi kuitwa Albertville, mwaka mmoja baada ya Wajerumani kufikisha ya kwao Kigoma, ng’ambo ya pili. Fundi alikua akisikia honi usiku. Alipotoka huko hakuchukua kitu, na hajasikia honi tangu afike Kakuma. Mzee akamuuliza geji ya kwao, naye akajibu ni pana kuliko ya Kenya kwa vidole vichache, na wakabishana juu ya vidole hivyo kwa muda mrefu, chai ikapoa. Niliwaacha. Mtu asiye na wa kubishana naye kazi aliyoipenda amekosa kitu kikubwa.

Usiku ule ndio treni ilipopata jina. Mzee alisema kichwa kisicho na jina si kichwa: zile injini kubwa 34 za Garratt zilizotoka Manchester kwa kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, tani karibu 250 kila moja, zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi hadi leo. Mzee akataka Loima, milima tunayoiona magharibi jua likizama. Fundi akasema kama ni milima, anayoiamkia yeye kila siku ni Pelekech. Binti yangu alikwisha kupanda ngazi na brashi. Kichwa kikaandikwa LOIMA, behewa la kwanza PELEKECH, na herufi zikachukua rangi iliyobaki ya mlango.

Sasa Mzee anasimama kwa mkongojo na anataka kurudi chumbani kwake. Anataka reli imfuate, na safari hii nimekubali kabla sijaombwa. Fundi alipima kabla hajaondoka: tundu kwenye ukuta wa tofali, sentimita 25 kwenda juu na 20 kwa upana, ili PELEKECH lipite bila kukwaruza, na kizingiti kidogo cha zege juu yake kwa sababu ukuta ule umebeba paa. Mama mkwe ameanza kusuka ukili wa kutosha chumba cha pili. Mbao zimeagizwa Kitale. Kamba na maboksi ya kona nimeyakata mwenyewe mara hii, na yanasubiri lori la Jumatatu.